Kiti cha Bibi na Mfuko wa Mchanga

Jioni ile nyumba ya fundi Garantii ilikuwa imetulia. Bibi alikuwa sebuleni kwenye kiti chake cha siku zote, miguu ameinyoosha mbele, na mjukuu wake amepiga magoti sakafuni akimpima kwa utepe wa cherehani: kutoka chini hadi gotini, kutoka gotini hadi kiunoni. Kila utepe ulipomgusa nyuma ya goti, Bibi alicheka na kuomba ahurumiwe, akisema hata gauni lake la harusi halikupimwa kwa taabu namna hiyo. Mama wa nyumba, ambaye ndiye fundi cherehani na mwenye utepe, alikuwa dirishani akikunja upindo wa suruali ya mteja, naye anacheka. Chai ilikuwa inachemka. Ungepita nje ungesema, hapa pana amani.

Ndugu zangu wazazi, ishikeni picha hiyo vizuri, maana hamtaiona tena katika nyumba ile.

Binti aliyepiga magoti walimwita Kwanini, na jina hilo alilipata mapema, tangu siku alizoanza kupanga maneno mawili. Sasa alikuwa mwanafunzi wa shule ya ufundi, na mwalimu wao wa uhandisi alikuwa amewapa kazi moja tu kwa muhula mzima. Kila mwanafunzi atafute mtu mmoja mwenye shida moja, amtengenezee kifaa cha kumsaidia. Kazi yenyewe ilikuwa na mlolongo wake. Kwanza umuulize mwenye shida na umsikilize mpaka mwisho. Kisha uchore. Kisha uunde kwa vitu hafifu, maboksi na vipande vya mbao, ukijaribu. Kikivunjika utazame kimevunjikia wapi, urekebishe, ujaribu tena. Na siku ya maonyesho, kando ya kifaa kilichokamilika, sharti uweke mezani majaribio yako yaliyoharibika na ueleze kila moja limekufundisha nini. Mwalimu huyo, mwanamke mpole asiye na mchezo, aliwaambia wazi kwamba asiye na kilichovunjika hana alama.

Kwanini alimchagua Bibi. Nyumba nzima ilijua, au ilidhani inajua, kwamba shida ya Bibi ni kuinuka kitini. Lakini binti alipouliza na kunyamaza kusikiliza, alisikia jambo jingine kabisa.

"Kuinuka naweza, mjukuu wangu," Bibi alimwambia. "Shida inakuja nikishainuka. Nikisimama kwa haraka naona giza, masikio yanavuma, sakafu naiona inaondoka. Nikipata pa kutua katikati, nikavuta pumzi, giza haliji."

Basi Kwanini akachora kiti chenye kituo. Ukizungusha mpini ulio ubavuni, kikalio kinapanda pole pole, kinafika katikati, kinasimama chenyewe, Bibi anapumzika, halafu kinamalizia safari. Na kwa kuwa Bibi si wa kujaribia kifaa, binti alimpandisha kwenye mizani, kisha akaujaza mchanga mfuko mkuukuu wa unga mpaka ukawa na uzito uleule. Wakauita mfuko huo pacha wa Bibi. Kila jaribio pacha ndiye aliyekaa, na Bibi alikuwa anampa pole kila anapoanguka.

Siku ya jaribio la pili, hapo ndipo baba alipoingia.

Tumzungumzie huyu baba, maana hadithi ni yake. Alikuwa fundi magari mwenye gereji yake kwenye mtaa wa vipuri, mtu wa mwili wa kujaza mlango, na hakuna gari lililotoka mikononi mwake bila yeye kupiga bodi kofi na kusema, "Hii ina garantii." Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Garantii. Hakuwa mlevi wala mkali wa kupiga. Mama yake alimlea peke yake, naye alimpenda kwa moyo wote; kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita chumbani kwake kumjulia hali. Nasema haya ili mtu asije akasema yaliyotokea yalitokea kwa sababu ya baba mbaya. Laiti ingekuwa hivyo, tungelala usingizi.

Alipofungua mlango tu, meno ya mbao yanayoinua kikalio cha kiti cha majaribio yalikatika, kaa! Pacha wa Bibi akaporomoka sakafuni, vumbi likatimka. Na binti yake, badala ya kusikitika, akapiga makofi. Alisema kwa furaha kwamba sasa anajua kinapovunjikia.

Garantii alipigwa na butwaa. Mtoto wake, mtoto wa fundi anayejulikana mji mzima, anashangilia kitu kuvunjika! Alitazama yale maboksi yaliyopondeka, vile vipande vya mbao vilivyofungwa kamba, akaona aibu tupu. Mwaka uliopita mtoto wa jirani yao kandarasi alipeleka kwenye maonyesho daraja la zege lenye nondo ndani, kazi ambayo hata kipofu angejua ni ya nani, na akapewa kikombe. Mtoto wa daktari wa meno naye alipeleka taya la plastiki linalofunguka lenyewe. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, tusidanganyane. Watoto wanapewa kazi, wazazi wanashindana.

"Hii ndiyo unataka kupeleka mbele za watu?" aliuliza.

"Bado, Baba. Hili ni jaribio la pili. Bibi anasema akiinuka haraka anaona giza, kwa hiyo nataka kiende taratibu, kisimame katikati."

"Giza la uzee hilo, kila mzee analo. Niachie mimi. Mama yangu nitamtengenezea kiti ambacho hajapata kuona."

Mkewe alijaribu kusema neno. Alisema kazi ni ya mtoto, na mwalimu anataka mtoto ndiye akosee. Garantii akamjibu kwamba yeye halipi ada ili mtoto afundishwe kukosea. Kukosea mtu anaweza bure. Akacheka kwa utani wake mwenyewe. Kisha akayabeba majaribio yote mawili, na michoro juu yake, akayatia kwenye pipa la taka nje. Pacha wa Bibi alinusurika kwa sababu mama alisema ule mfuko unamfaa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ukawekwa mlangoni, na ukakaa hapo.

Kiti cha Garantii kilikamilika mwisho wa wiki. Kilikuwa cha chuma kilichopakwa rangi ya fedha, kikalio cha ngozi ya gari la kifahari, na chini yake alifunga ile mikono ya gesi inayoinua mlango wa nyuma wa gari. Ubavuni kulikuwa na komeo. Ukilivuta, mikono inajinyoosha na kikalio kinapanda. Alijaribu mwenyewe. Mkono mmoja ulishindwa kumwinua, akaongeza wa pili. Bado akajiona anapanda kwa kusuasua, akaing'oa yote miwili na kufunga ya gari la mizigo. Sasa kikalio kikampandisha vizuri, laini, kwa adabu, kama mtu anayeshikwa mkono. Akakaa tena, akapanda tena, huku mafundi wake wanapiga makofi. Kwanini alikuwa pembeni, kazi yake kumpa spana.

Aliuliza tu, "Bibi atakuja kukaa lini?"

"Atakaa kikiwa na kikombe," baba alijibu.

Sasa likabaki lile sharti la vilivyovunjika. Jamani, hapa ndipo mpaka leo watu wakisimuliana hushika vichwa. Garantii hakuwa na kilichovunjika, kwa sababu kiti chake kilibadilishwa mikono tu, hakikuvunjika. Basi akatengeneza vya kuvunjika. Alichukua ubao, akaukata kwa msumeno mpaka katikati, kisha akaukanyaga ukakatika. Akabana bolti kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, akaipinda kwa bomba. Akatafuta kikalio cha zamani, akakichana kwa kisu. Akavipanga mezani, akamketisha binti yake mbele yake, akamfundisha hadithi ya kila kimoja: huu ubao ulinifundisha nitumie chuma, bolti hii ilinifundisha niweke nene zaidi, kikalio hiki kilinifundisha habari ya ngozi. Makosa ya kughushi, ndugu zangu! Tumezoea kusikia watu wanaghushi vyeti na sahihi. Huyu alighushi kushindwa.

Kwanini alikariri. Baba yake alipomuuliza kwa nini uso umemwinamia hivyo, alisema amechoka.

Siku ya maonyesho ukumbi wa shule ulijaa. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye kicheko, aliomba akikalie mwenyewe kile kiti cha fedha. Komeo likavutwa, akapanda taratibu mpaka akasimama bila kugusa kitu, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwalimu ndiye aliyebaki mezani, akipitisha kidole kwenye ubao uliokatika. Akasikiliza hadithi tatu za binti, moja baada ya nyingine, zote zimenyooka.

"Na Bibi mwenyewe ameshakikalia?" aliuliza.

Kwanini akamtazama baba yake aliyekuwa nyuma ya umati, kidole gumba juu.

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu akaushika ule ubao kwa muda. Kisha mgeni rasmi akaitwa jukwaani, muziki ukapigwa, naye akauweka ubao chini. Kikombe kikatolewa. Garantii alikibeba yeye mwenyewe mpaka nyumbani, kichwa kimemvimba, akisimama kwa kila anayemsalimu ili kieleweke kuwa ni kikombe cha binti.

Kesho yake mchana nyumba ilijaa jamaa na majirani waliokuja kuona. Hata kandarasi wa daraja alikuja, na Garantii alihakikisha anapata pa kukaa mbele. Kiti kiliwekwa katikati ya sebule, meza ya kikombe mbele yake. Bibi akatolewa chumbani amevaa nguo yake nzuri, akashikwa mikono, akakalishwa. Alipapasa ile ngozi, akasifu ulaini wake. Kisha akamwinamia mwanawe, akauliza kwa sauti ya chini, kwa haya ya mtu asiyetaka kuharibu sherehe.

"Hakitanisukuma, mwanangu?"

"Mama, hiki kina garantii."

Watu wakacheka. Kwanini hakucheka. Alikuwa mlangoni, amesimama karibu na ule mfuko wa mchanga, na kwa ghafla akauinamia, akaanza kuuburuta kuja katikati ya sebule.

"Baba, ngoja kidogo. Tumkalishe huyu kwanza."

Garantii alimtazama binti yake akiburuta mfuko mchafu mbele ya wageni, mbele ya kandarasi, na damu ikamchemka. Alimwambia aache utoto. Alisema kitu kikishapewa kikombe hakijaribiwi tena. Na aliposema hivyo mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo.

Alilivuta.

Wale waliokuwepo hawakubaliani juu ya walichoona, kwa sababu kilikuwa cha haraka mno. Ile mikono ya gesi ilikuwa imechaguliwa kwa uzito wa Garantii, mtu wa kujaza mlango. Bibi alikuwa mwepesi kama nguo zilizoanikwa. Kikalio hakikumpandisha, kilimrusha. Alisimama wima kwa nguvu ambayo miguu yake haikuwa nayo tangu ujana, mikono imefunguka, macho wazi, na papo hapo macho yale yakapoteza mwanga. Giza lilikuwa limekuja. Aliporomoka mbele, akaipiga meza kwa ubavu, kikombe kikaruka, naye akaangukia nyonga kwenye sakafu ya saruji. Sauti ya ule mfupa, wanasema, ilisikika mpaka dirishani.

Hakuna aliyesogea. Nyumba yenye watu wengi vile, na kilichosikika ni kikombe kikibiringika. Garantii bado alikuwa ameshika komeo. Alimwona mama yake chini na akili yake ikakataa kumwona. Ilikuwa ikitafuta nani kafanya hivi. Mkewe ndiye aliyepiga magoti wa kwanza, na baada yake Kwanini, aliyekishika kichwa cha bibi yake na kuita, na kuita, mpaka yule mzee akafumbua macho na kuomba radhi kwa kuharibu shughuli. Ndiyo, aliomba radhi. Garantii aliposikia mama yake anaomba radhi, ndipo akaliachia lile komeo.

Hospitalini waliambiwa nyonga imevunjika, itabidi apasuliwe, na kwa umri wake hakuna wa kuahidi chochote. Daktari, kijana aliyechoka, aliuliza maswali yake kama anavyowauliza wote.

"Alianguka, au alisukumwa?"

Kwanini akajibu kwa sauti isiyo na hasira, na hilo ndilo lililomchoma baba yake zaidi.

"Alirushwa."

"Na nani?"

Kwanini akatazama sakafu. Alikuwa amesema uongo mmoja mbele ya watu kwa ajili ya baba yake, na wa pili haukutoka.

"Na mimi," Garantii alisema.

Bibi alipasuliwa, akatoka hai. Lakini alikuwa amelala tu, anapumua kwa shida, na walikatazwa kukaa naye wote. Asubuhi iliyofuata Garantii alikipeleka kile kiti gereji, akachukua nyundo kubwa kuliko zote. Alikuwa ameshainyanyua aliposikia mlango wa bati unafunguliwa. Ni Kwanini, amevaa sare ya shule, akisukuma mfuko wa mchanga kwenye toroli.

"Usikivunje, Baba. Hiki ndicho kilichovunjika kweli."

Hakuelewa. Binti akamwambia wavute komeo, safari hii akiwa amekaa pacha. Akauweka mfuko kwenye ile ngozi, akausawazisha, akarudi nyuma hatua kadhaa na kumwomba baba yake naye arudi. Wakafunga kamba kwenye komeo, wakalivuta kwa mbali.

Mfuko uliruka. Ulipita juu ya meza ya zana, ukagonga ukuta wa bati kwa kishindo kilichowaleta mafundi mbio wakidhani gari limegonga, ukadondoka, na mchanga ukaanza kumwagika kwa tundu dogo. Garantii aliutazama ule mchanga ukitoka. Jana hakuona, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa wageni. Sasa aliona kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, na akajua kwamba alimkalisha mama yake pale kwa mkono wake. Alijikunja chini karibu na ukuta, mtu mzima yule, akalia kwa sauti mbele ya mafundi wake. Kwanini aliziba lile tundu kwa kidole chake, akangoja baba amalize.

Walikwenda shuleni wote wawili, na kiti, na mfuko, na kikombe. Mwalimu aliposikia habari alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo nyuma yake. Alisema aliziona alama za msumeno kwenye ule ubao. Alisema mti ukivunjika wenyewe hauvunjiki hivyo, na alijua, na akauweka chini kwa sababu shule ilikuwa na mgeni na muziki ulikuwa umeanza. Naye akalia. Hapo Garantii alishangaa kwa mara nyingine: alikuwa amekuja akidhani hatia ni yake peke yake, kumbe ilikuwa imegawanywa, na kila mmoja alikuwa amejitwalia kipande chake kimya kimya ili sherehe iendelee.

Wazazi waliitwa. Wengi walikuja kwa udadisi, na kandarasi alikuwepo. Kwanini alikiweka kiti cha fedha mezani, mahali pa majaribio yaliyoharibika, akauweka mfuko juu yake na kuwaambia huo ndio uzito wa bibi yake. Baba yake akavuta kamba. Mfuko ulipogonga ukuta wa ukumbi, mama mmoja alipiga ukelele, na wengine wakashika vifua. Kisha binti akaeleza kimemfundisha nini, na safari hii hakuwa amekariri. Alisema, "Niliambiwa kweli na mwenye shida, nikanyamaza ilipopuuzwa." Akarudisha kikombe.

Bibi alirudi nyumbani baada ya muda mrefu. Hatembei tena peke yake. Lazima mtu amshike, na kuna siku hataki hata kushikwa. Hakumwambia mwanawe neno baya. Ila Garantii alipita chumbani kila asubuhi kumjulia hali kama zamani, na kila alipomsogelea kumnyanyulia mto, Bibi alikamata ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Hakuwa anafanya makusudi. Mwili wake ulikuwa unakumbuka. Hilo lilimuumiza Garantii kuliko tusi lolote, na alilistahili.

Siku moja Kwanini aliingia na utepe, mizani, na mfuko wa mchanga. Alimwomba Bibi ruhusa ya kuanza upya. Bibi akauliza.

"Umeshakitengeneza?"

"Bado, Bibi. Nimekuja kukuuliza kwanza."

Basi wakampima. Baba na mama wakamshika huku na huku juu ya mizani, na Kwanini akainama kusoma. Alisoma, akasoma tena. Alikwenda kwa ule mfuko, akafungua kamba, akachukua kikombe cha plastiki, akaanza kuchota mchanga na kuumwaga kwenye ndoo. Kikombe kimoja. Kingine. Garantii alidhani ataacha, lakini aliendelea kuchota. Kilichokuwa kinaingia kwenye ndoo ndicho hospitali ilichomnyang'anya mama yake, na kilikuwa kingi. Ilipofika mahali, Garantii akainua mkono kama anataka kumzuia, kisha akaushusha.

Kwanini akafunga mfuko, akamkabidhi baba yake aushike ili yeye apime tena. Garantii akaupokea, akaupakata kifuani. Alikuwa mtu wa kubeba injini. Ule mfuko haukuwa kitu mikononi mwake, na kwa sababu haukuwa kitu, alishindwa kuuweka chini.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa ameupakata. Akauliza swali ambalo mtoto wake aliliuliza mwanzo kabisa, jioni ile ya utepe na kicheko.

"Mama, ukiinuka unasikiaje?"

Bibi alimweleza. Ilichukua muda, kwa sababu alikuwa anapumzika katikati ya maneno, na Garantii hakumkatiza hata mara moja.

Kiti cha pili cha Kwanini kimeshavunjika mara mbili. Cha tatu kinasimama katikati kama inavyotakiwa, ila kinapiga kelele. Bibi hajakikalia bado, na hakuna anayemharakisha.

Mafunzo

Wazazi wenzangu, mtoto akipewa kazi ya kuunda kitu, kazi hiyo ni kuuliza, kuchora, kujaribu, kuvunja na kurekebisha. Kile kitu chenyewe ni cha mwisho, na wakati mwingine hata si cha lazima. Ukimfanyia, unakuwa umemnyang'anya yale yote na kumwachia rangi ya juu. Na kesho mtoto huyo atajenga nyumba tutakazolala, atafunga nyaya zetu, ataendesha mitambo ya hospitali zetu, akiwa na kikombe kabatini na hajui kitu kinavunjikia wapi.

Tusione haya kwa kilichovunjika. Kikivunjika juu ya mfuko wa mchanga, tumshukuru Mungu, maana kingeweza kuvunjika juu ya mtu. Na anayeghushi kushindwa ili apate sifa amefunga macho ya wote watakaokitumia kitu chake baada yake. Walimu nanyi, mkiona alama za msumeno, semeni hapo hapo, hata kama mgeni rasmi ameshasimama na muziki unapigwa. Watoto nao waruhusiwe kusema "ngoja, Baba", na baba angoje.

Zaidi ya yote, tumuulize mwenye shida. Bibi alikuwa hapo hapo sebuleni siku zote, na jibu alikuwa nalo, na alikwisha kulisema.

Ukipita nyumbani kwa Garantii utaukuta ule mfuko mlangoni, mahali pake palepale. Atakuomba uunyanyue kabla ya kuingia. Anamwomba kila mgeni. Unyanyue. Utashangaa ulivyo mwepesi.